SOMO LA SHARIA NA DOLA KATIKA URITHI WA SHAMBA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe, na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Jua, ndugu Mwislamu, Mwenyezi Mungu akuongoze, ya kuwa miongoni mwa mambo yanayowatatiza watu wa zama hizi ni hili: Mwislamu akaaye chini ya Dola isiyokuwa na dini, mashauri yake yakaamuliwa na hakimu wa serikali, Sharia ya Mola wake yamwambiaje? Wako wasemao ya kwamba Sharia ilikwisha kazi yake tangu kuondoshwa makadhi, ikabaki katika sala na saumu tu. Na wako wasemao ya kwamba kila litokalo barazani kwa serikali ni batili, halitazamwi wala halishikwi. Kauli zote mbili zina makosa, na kila moja imekwisha kuwapotezea watu haki zao. Ya kwanza huwafanya watu wale mali ya yatima kwa karatasi ya mahakama na nyoyo zao zimetulia. Ya pili huwafanya watu wadharau kuandika na kushuhudisha, hata siku ya shauri ikifika hawana hoja, na mali ikawatoka mikononi wakiitazama.

Basi somo hili lafuata mas-ala moja tu, ili maneno yasiwe ya hewani. Nayo ni urithi wa shamba katika Tindiga, na nchi zinazofanana nayo.

FASILI YA KWANZA: MAHALI NA MAS-ALA YENYEWE

Tindiga ni kata katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, upande wa jimbo la Mikumi. Jina lake lina maana ya ardhi ya majimaji, na watu wake ni wakulima wa mpunga na mahindi. Wenyeji wa nchi hizo za Kilosa ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na wamechanganyika na watu wengi waliokuja kwa biashara, kwa reli, na kwa kazi za mashamba ya mkonge. Uislamu ulipanda huko kutoka pwani kwa njia ya misafara, na hata leo watu wa mrima wana jamaa zao huko, wana wake waliooa huko, na wana mashamba. Kwa hiyo asiseme mtu wa pwani kuwa mambo haya hayamhusu.

Na makabila hayo, kama walivyo Waluguru na Wazaramo kwa asili yao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa mila yao ya zamani, mtu akifa, mali ya ukoo haiwaendei watoto aliowazaa, bali huwaendea ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Kisha watu hao wamesilimu, na Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimewapa watoto fungu lao kwa neno lililo wazi katika Sura ya Nisaa, aya ya 11 na ya 12.

Hapo ndipo penye fundo. Mathalani Mwislamu wa Tindiga afariki, naye ameacha mke, wana wawili wa kiume, binti watatu, dada yake wa tumbo moja, na mtoto wa dada huyo. Ameacha shamba la mpunga la eka 8. Mtoto wa dada asema: "Shamba la mjomba ni langu, ndiyo mila." Watoto wasema: "Baba alikuwa Mwislamu." Shauri likaenda Mahakama ya Mwanzo. Je, hakimu atahukumu kwa lipi? Na akihukumu kinyume cha Kitabu, aliyepewa shamba atalila halali?

FASILI YA PILI: JINSI DOLA ILIVYOISHIKA HUKUMU

Fahamu kwanza ya kuwa hukumu za Kiislamu katika nchi hizi hazikuondoka siku moja. Katika Unguja, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni pamoja. Wadachi walipoitwaa mrima na bara yake, waliweka maliwali na maakida, wengi wao watu wa pwani Waislamu, wakawapeleka mpaka nchi za ndani. Basi Sharia na mila zikakaa pamoja katika baraza moja, na juu yao yupo mkubwa wa boma akikata mashauri kwa rai yake.

Walipokuja Waingereza, Gavana Cameron aliigeuza siasa hiyo. Kwa kanuni za mwaka 1926 na 1929 aliwarudishia utawala masultani na majumbe wa makabila, na mabaraza ya wenyeji yakapewa kuhukumu kwa mila. Pwani walibaki maliwali na makadhi, lakini bara Mwislamu akahesabiwa kwanza kuwa mtu wa kabila lake, kisha ndiyo Mwislamu. Hapo ndipo mila ya mjomba ilipotiwa nguvu za serikali juu ya watu waliokuwa wameanza kurithishana kwa Kitabu.

Tanganyika ilipopata uhuru, kanuni ya mahakama ya mwaka 1963, iliyoanza kazi mwaka 1964, ilivunja mabaraza ya maliwali na makadhi na ya masultani, ikaweka daraja moja ya mahakama kwa watu wote: ya Mwanzo, ya Wilaya, na Mahakama Kuu. Wala haikusema kuwa Sharia haitambuliwi. Kanuni ya mwaka 1961 ya kutumika kwa sharia za nchi inaruhusu mahakama kuhukumu kwa Sharia ya Kiislamu katika ndoa, talaka, ulezi, urithi, wakfu na mfano wake, baina ya watu wa jamaa inayofuata Sharia hiyo. Mwaka 1964 ikatungwa kanuni ya kumpa waziri idhini ya kutangaza maelezo ya Sharia ya Kiislamu ili mahakimu wayafuate, na mwaka 1967 maelezo hayo yakatolewa. Basi kadhi aliondoka, na Sharia ikabaki mkononi mwa hakimu wa serikali, awe Mwislamu au asiwe.

Kisha ikaja Kanuni ya Ndoa ya mwaka 1971. Hiyo ilikusanya ndoa za dini zote na za mila katika kitabu kimoja, na ikaandikwa wazi ya kuwa katika jambo lolote lililomo ndani yake, hukumu za Kiislamu na za mila hazitumiki. Mambo ya urithi hayakuingizwa humo. Kwa sababu hiyo hata leo urithi wa Mwislamu wa bara una milango miwili mbele ya hakimu, mlango wa Sharia na mlango wa mila, na hakimu hutazama mambo mawili: mwenendo wa maisha ya marehemu, na nia yake. Je, aliishi Kiislamu, akaoa Kiislamu, akawalea watoto wake Kiislamu? Au aliitwa jina la Kiislamu tu, na mambo yake yote yalikuwa ya kabila? Na je, aliacha neno lolote, la kuandikwa au la mdomo, lionyeshalo alitaka mali yake igawanywe kwa njia gani?

Tazama, ndugu, uzito wa jambo hili. Mtu aliyeswali miaka 40 aweza kurithiwa kimila kwa sababu hakuacha ushahidi wa nia yake.

TANBIHI. Wako wanaodhani kuwa lau makadhi wangerudishwa, mushkili wote ungekwisha. Jambo hili limedaiwa sana Tanzania Bara. Lilitiwa katika ilani ya uchaguzi ya chama kinachotawala ya mwaka 2005. Mwaka 2012 Mufti, Sheikh Issa bin Shaaban Simba, alitangaza makadhi chini ya BAKWATA, jumuiya iliyoundwa mwaka 1968 baada ya kuvunjwa ile jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki. Lakini makadhi hao huamua kwa ridhaa ya wenye shauri, hawana nguvu za Dola. Mswada uliotaka kuwatambua kwa kanuni uliletwa, na kungoja kwa watu hakukufaa kitu, kwani katika mwaka 2015 uliondolewa bungeni.

Na hata penye makadhi wa Dola, mipaka imewekwa na Dola. Kenya ina makadhi kwa sababu ya ahadi aliyopewa Sultani wa Unguja mwaka 1895 juu ya mwambao, ikatiwa nguvu tena kwa mapatano ya Oktoba 1963, na ikaingia katika katiba ya 2010. Lakini katiba hiyo yasema kadhi atahukumu katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu, na ni pale ambapo wote wenye shauri ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa naye. Unguja na Pemba wana kanuni ya mahakama za kadhi ya mwaka 2017, iliyochukua mahali pa ile ya 1985. Huko nako mipaka ipo. Basi kadhi ni neema kubwa, lakini hamwondolei Mwislamu wajibu wa kuilinda haki yake mwenyewe.

FASILI YA TATU: WALIYOYASEMA WANAVYUONI JUU YA DOLA

Mas-ala haya si mapya. Imamu wa Haramaini, al-Juwaini, aliyefariki mwaka 478 wa Hijra, alitunga kitabu chake cha al-Ghiyathi, akatazama humo hali ya watu wakikosa imamu mwenye kutimiza masharti. Maana ya kauli yake ni kwamba mambo ya watu hayaachwi yakapotea. Watu wa kila mji huwarejea wanavyuoni wao, nao huwaongoza katika yale ambayo lau mtawala angekuwapo angeyasimamia.

Na Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, alitazama nchi iliyotwaliwa na wasiokuwa Waislamu, kisha wakamweka kadhi wa kusimamia maslaha ya Waislamu. Rai yake ni kwamba hukumu za huyo hupita, kwa kuwa kuzibatilisha kunaleta uharibifu mkubwa, na Sharia haikuja kuyapoteza maslaha ya watu wote kwa kukosekana ukamilifu. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji ya kwamba mwenye nguvu akimweka kadhi asiyetimiza masharti, hukumu yake hupita kwa dharura.

Na katika mlango wa urithi wenyewe, tazama jinsi madhehebu yalivyoitazama hali ya Dola. Asili ya madhehebu ya Shafi ni kuwa mtu akifa bila ya mrithi mwenye fungu au asaba, mali yake huenda Baitulmali, wala hawapewi jamaa wa tumbo wasiokuwa na fungu, kama mtoto wa dada. Walipokuja wanavyuoni wa nyuma wakaona Baitulmali haikutengenea, haiendeshwi kwa uadilifu, wakatoa fatwa kuwa ziada irudishwe kwa wenye mafungu isipokuwa mume na mke, na wakikosekana wenye mafungu wapewe jamaa hao. Kitabu hakikugeuka, wala mafungu ya Mwenyezi Mungu hayakuguswa. Kilichogeuka ni hali ya Dola, na mwanachuoni akaitazama hali hiyo alipofutu. Basi asemaye kuwa wanavyuoni wa zamani hawakujua siasa, huyo hajasoma vitabu vyao.

Kwa hiyo hakimu wa Mahakama ya Mwanzo wa Tindiga, akihukumu urithi wa Mwislamu kwa Sharia ya Kiislamu kama kanuni inavyomruhusu, akampa kila mtu fungu lake, haki imefika kwa mwenyewe, na hakuna dhambi kwa mwenye kuipokea. Kumwendea ili kuitoa haki mikononi mwa dhalimu si kuridhia kuacha dini, bali ni kutafuta haki kwa njia iliyopo.

FASILI YA NNE: DHAHIRI NA BATINI

Na hili ndilo shina la somo. Je, hakimu akikosea, hukumu yake yahalalisha mali?

Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi ya Ummu Salama waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza ya kuwa yeye huwahukumu watu kwa yale ayasikiayo, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe. Basi atakayepewa haki ya nduguye kwa hukumu hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu haki ya mwenzake, itakuwaje hukumu ya hakimu wa leo?

Kwa hadithi hii wanavyuoni wa Shafi wamesema: hukumu ya hakimu hupita katika dhahiri, wala haigeuzi batini. Abu Hanifa ana rai nyingine katika baadhi ya mambo ya mikataba, lakini katika mali iliyotwaliwa bila ya haki hakuna aliyesema kuwa karatasi huisafisha.

Basi mtoto wa dada aliyepewa eka zote 8 kwa mila, hali akijua kuwa mjomba wake alikuwa Mwislamu na ameacha watoto, ana karatasi mkononi na moto tumboni. Polisi watamlinda, mtendaji wa kijiji atamwandika, na jirani watamwita mwenye shamba. Na kila gunia la mpunga atakalovuna ni la yatima. Sura ya Nisaa aya ya 10 imewaeleza walao mali ya yatima kwa dhuluma, na mafikio yao. Toba yake haitimii kwa kusema maneno, bali kwa kurudisha.

Na upande wa pili ni vivyo hivyo. Ikiwa mjomba aliusia theluthi ya shamba kwa mtoto wa dada yake mbele ya mashahidi, kisha watoto wakaificha wasia hiyo, wakaapa mahakamani kuwa haikuwapo, nao wamekula moto ule ule. Sharia haina ukoo. Yamtazama mwenye haki, awe wa upande wa baba au wa mama.

FASILI YA TANO: MGAWANYO

Kabla ya kugawanya, mali ya maiti hutolewa mambo matatu kwa utaratibu: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki. Na mahari ya mke isiyolipwa ni deni. Watu wengi hulisahau jambo hili, wakampa mjane fungu lake la urithi wakadhani wamemaliza, na mahari yake imezikwa pamoja na mumewe.

Yakisha kutolewa hayo, katika mfano uliotangulia, na eka 8 zikiwa zimebaki salama, hesabu yake ni hii. Mke ana thumuni, kwa kuwa mume ana watoto: eka 1. Zimebaki eka 7. Wana wa kiume wawili na binti watatu hurithi kwa uasaba, mwana wa kiume fungu la binti wawili. Basi mafungu ni 4 na 3, jumla 7. Kila mwana wa kiume apata eka 2, na kila binti eka 1. Dada wa maiti amezuiwa na wana wa kiume. Mtoto wa dada hana fungu.

Na mtu asiseme: "Ardhi ni ya serikali, hairithiwi." Ni kweli kuwa kwa kanuni za mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Lakini Kanuni ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo imempa mwanakijiji haki ya kuishika ardhi kimila, na imesema haki hiyo yarithiwa na yapitishwa kwa wasia. Na Sharia hurithisha haki kama irithishavyo vitu. Tena kanuni hiyo hiyo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke au mtoto kuishika ardhi. Basi binti wa Tindiga anaponyimwa eka yake moja, anayemnyima hana Kitabu wala hana kanuni; ana mazoea tu.

FASILI YA SITA: YALIYO MKONONI MWA MWISLAMU MWENYEWE

Yaliyotangulia yameonyesha kuwa Dola imefungua mlango, na mlango huo hauingiliki bila ya ushahidi. Nayo mambo ya kufanya ni haya.

La kwanza, aandike wasia wake. Aseme waziwazi kuwa yeye ni Mwislamu, na kwamba mali yake ataka igawanywe kwa Sharia ya Kiislamu. Aandike madeni yake na amana za watu alizonazo. Ashuhudishe watu waadilifu wanaojua kusoma, na karatasi aiweke pahali panapojulikana. Neno hili moja ndilo hakimu alitafutalo anapouliza nia ya marehemu.

La pili, mwenye kuwapenda watoto wa dada yake, naye amewalea, asiwaache mikono mitupu wala asiwadhulumu wanawe kwa ajili yao. Sharia imempa theluthi ya kuusia kwa asiyekuwa mrithi, na mtoto wa dada katika mfano huu si mrithi. Tena aweza kumpa hiba wakati wa uhai na afya yake, akamkabidhi. Na aya ya 8 ya Sura ya Nisaa imewaamrisha wagawanyao wawape kitu jamaa waliohudhuria wasiokuwa na fungu, na waseme nao kwa wema. Mila ya mjomba na mpwa ina huruma ndani yake, na huruma hiyo Sharia haikuiua. Imeiwekea mpaka tu ili isile haki ya mtoto.

La tatu, wajue kuwa msimamizi wa mirathi si mrithi. Mahakama ya Mwanzo humweka msimamizi, na mara nyingi hutaka muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza. Hapo ndipo mizozo mingi huanzia, kwani kikao hujaa watu wa upande mmoja. Watoto, mjane na wazee wa msikiti wahudhurie, na jina la kila mrithi liandikwe, wanaume na wanawake. Msimamizi ni mtu wa amana: akusanye, alipe, agawanye, atoe hesabu. Kichukuliwacho kwa jina la usimamizi na kisigawanywe ni ghasbu.

La nne, mume na mke waandikiane. Katika Tindiga mke hulima sawa na mume, na pengine fedha za kununua shamba ni za mauzo ya mpunga wake. Kwa Sharia mali ya mke ni yake, haimezwi na ya mume. Lakini aliyefanya kazi bila ya mapatano haki yake huwa ngumu kuithibitisha mbele ya mafakihi wa Shafi. Nayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu yake ya mwaka 1983 iliyohusu mume na mke Waislamu, ilishika kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa wakati wa kuachana. Badala ya kungoja mabishano ya mafakihi na mahakimu, waandike tangu mapema: hili letu sote kwa nusu, hili la mume, hili la mke. Sura ya Baqara aya ya 282 imeamrisha kuandika deni, na kuandika shirika ni katika mlango huo.

La tano, wapatane kabla ya kushtakiana. Madhehebu ya Shafi yanajuzisha watu wawili kumchagua mtu wa kuwahukumu katika mali. Amri ikipatikana kwa ridhaa, iandikwe, itiwe sahihi, na ipelekwe kwa hakimu ili Dola nayo iijue. Suluhu isiyoandikwa hufa pamoja na wazee walioisikia.

MAS-ALA. Ikiulizwa: mtu amempa mkewe talaka mbele ya mashahidi, eda ikaisha, lakini hakwenda mahakamani. Hali ya mwanamke ni ipi?

JAWABU. Kwa Sharia talaka imepita, na mwanamke ameachika. Lakini kwa Kanuni ya Ndoa ya mwaka 1971 yeye bado ni mke wa mtu mpaka mahakama itoe hati ya talaka. Basi mume akifa, aweza kuja kudai urithi asioustahiki mbele ya Mwenyezi Mungu. Na akitaka kuolewa, aweza kuzuiwa na jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakumzuia. Kanuni yenyewe imeweka njia: shauri lipelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi, na Baraza likishindwa kuwapatanisha, na mmoja wao akafanya la kuivunja ndoa kwa Sharia ya Kiislamu, mahakama itahukumu kuwa ndoa imevunjika na kutoa talaka. Zingatia utaratibu huo: usuluhishi mbele, talaka baadaye. Nao wakubaliana na aya ya 35 ya Sura ya Nisaa, iliyoamrisha waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Mwanamume anayetamka talaka kwa hasira, akamwacha mwenziwe hana hati wala mume, amemfunga kwa kamba mbili.

KHITIMU

Yaliyothibiti katika somo hili ni matatu. Kwanza, kuondoka kwa kadhi hakukuondoa Sharia. Urithi wa Mwislamu mbele ya mahakama za Tanzania Bara waweza kuhukumiwa kwa Kitabu, ikiwa marehemu ameacha ushahidi wa dini yake na nia yake. Pili, hukumu ya Dola hupita dhahiri, na haki ya batini hubaki kwa mwenyewe mpaka Siku ya Malipo. Tatu, lililo baina ya hayo mawili limo mkononi mwa kila mtu: kalamu, mashahidi wawili, na kumcha Mwenyezi Mungu.

Basi mwenye shamba, liwe la Tindiga au la mrima, asilale leo kabla hajajua nani watakaolilima kesho na kwa haki gani. Ahli za dini waliopo vijijini wawasomee watu mlango wa wasia kama wanavyowasomea mlango wa udhu, kwani udhu ukiharibika hurudiwa kwa maji kidogo, na mali ya yatima ikiharibika hairudi ila kwa taabu kubwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutoa amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Wallahu aalam.